Gesi ya radoni majumbani: kabla hujaagiza kipimo, jua kwanza unapima nini

Ukiwa na ndugu Kanada au Marekani aliyenunua nyumba miaka ya karibuni pengine ushasikia habari hii, kwamba kabla ya kutia saini alikuja mtu na kidude kidogo, akakiweka chumba cha chini kabisa, kikakaa siku mbili tatu, kisha ikatoka namba na ile namba ikazua mazungumzo mapya ya bei. Sasa watu wanauliza, na sisi huku Unguja na Pemba tupime? Wengine wameshaviona vipimo mtandaoni na mkono uko kwenye kitufe cha kulipia. Ami yangu mmoja wa Chake kanipigia simu kabisa, "Mwanangu, hio gesi ndo ile ya mtungi? Mana mtungi wangu uko jikoni na watoto wanalala chumba cha pili." Nikamwambia ami tulia, hapa yamechanganyika mambo matatu na kila moja lina njia yake.

Gesi ya mtungi inawaka na kulipuka, na wameitia harufu makusudi ili uisikie, ukiisikia funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi. Ya pili ni kaboni monoksaidi, hii ndo ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani au jenereta lililowashwa uchochoroni karibu na dirisha, haina harufu na inaua usiku mmoja, dalili zake kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu kulegea. Ukiona hivyo nyote tokeni nje kwanza maswali baadae. Ya tatu ndo radoni, na radoni haikuumizi kichwa, haikukoshi usingizi, haikukohozi. Hakuna dalili hata moja utakayoiona leo wala mwakani. Kwa hio mtu akikwambia "nyumba ile inanitia kichwa itakuwa radoni", hapana, atafute sababu nyengine na aanze na mkaa.

Basi radoni yenyewe inatoka wapi? Udongo na mawe ya dunia nzima yana urani ndani yake, madini yanayotoa mionzi, pengine nyingi, pengine chembe tu. Urani inavunjika yenyewe taratibu mno, nusu yake inachukua miaka kama bilioni 4.5, na katika kuvunjika inapitia hatua nyingi, moja ni radiamu, na radiamu ikivunjika inatoa radoni. Vyote vilivyotangulia ni vitu vigumu vimekaa ndani ya jiwe lao, lakini radoni ni gesi na gesi inatembea, inapita kwenye nafasi za udongo na nyufa za mawe mpaka juu. Ikitokea uwanjani inachukuliwa na upepo imekwisha. Ikitokea chini ya nyumba inaingia ndani kupitia tundu lolote itakaloliona, na kama ndani hewa imesimama inajikusanya.

Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni nzito karibu mara 8 kuliko hewa na hapo ndo watu wengi wanapotea, wanadhani imelala sakafuni kwa hio ukilala kitanda kirefu umesalimika. Si kweli, ikishaingia chumbani inachanganyika na hewa yote. Vyumba vya chini vina nyingi kwa sababu viko karibu na ardhi inakotoka, basi.

Na kinachodhuru khasa si radoni yenyewe, mana ukiivuta sehemu kubwa unaitoa tena. Radoni inaishi muda mfupi, kila siku 3.8 nusu yake inakuwa imeshavunjika, na ikivunjika inageuka polonia, ambayo si gesi tena, ni chembe ngumu inayonata kwenye vumbi, kwenye moshi, na kwenye ngozi laini ya ndani ya mapafu. Pale iliponata inavunjika na yenyewe na kutoa mionzi ya alfa. Alfa ni dhaifu ya kupenya, karatasi moja inaizuia na ngozi yako ya nje inaizuia, lakini ndani ya pafu hakuna cha kuizuia, nguvu yake yote inaishia kwenye seli za pale pale. Ukirudia hivyo miaka 20, 30, ndo inakuja saratani ya mapafu. Shirika la saratani la dunia lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka radoni kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988.

Habari hii ilianza zamani kwa wachimba migodi wa Ulaya ya kati, ila kwenye majumba ya watu ilipiga kelele mwisho wa 1984 Pennsylvania, Marekani. Mhandisi mmoja anaitwa Stanley Watras alikuwa anafanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia wa Limerick uliokuwa bado unajengwa, ikawa akipita kwenye mashine ya kupimia mionzi inalia. Cha ajabu ilikuwa inalia hata asubuhi anapoingia kazini. Walipokwenda kupima kwake wakakuta radoni kama bekereli 100,000 kwa kila mita ya ujazo. Mionzi alikuwa anaitoa nyumbani anaipeleka kazini.

Bekereli moja maana yake atomu moja inavunjika kila sekunde, basi, haina zaidi ya hapo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 3 kina mita 27 za ujazo, kikiwa na kiwango cha bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo (na kuanzia hapa nikitaja kiwango kwa namba tupu ndo kipimo hicho) ina maana zinavunjika atomu 2,700 kila sekunde humo ndani wakati wewe umelala. Inatisha kuisoma, lakini ujue hewa ya nje kabisa, ya ufukweni na shambani, nayo kwa kawaida ina 5 mpaka 15. Sifuri haipo popote.

WHO wanashauri nchi ziweke kikomo cha 100, na zikishindwa isizidi 300. Marekani wanachukua hatua kwenye 148, Kanada na Uingereza 200. Tofauti hizi zinachanganya watu, wanadhani kuna mstari ambao upande huu salama na upande huu kifo. Hakuna mstari kama huo uliopatikana, hatari inapanda kidogo kidogo pamoja na namba, kila nchi imechagua pahala pa kuanzia kwa kutizama ardhi yake na mfuko wake. Na tahadhari moja, vipimo vingi vya mtandaoni vinasomeka kwa pikokyuri kwa lita. Pikokyuri 1 kwa lita ni bekereli 37 kwa mita ya ujazo, kwa hio ukiona 4 kwenye kioo usifurahi ukadhani ni nne ya bekereli, hio ndo 148 ya Wamarekani.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2005 ilitoka kazi iliyokusanya tafiti 13 za nchi za Ulaya. Walivyokadiria, katika watu 1,000 ambao hawajavuta sigara maisha yao, wanaopata saratani ya mapafu kabla ya miaka 75 ni kama 4 pakiwa hapana radoni, 5 wakiishi kwenye 100, na 7 wakiishi kwenye 400. Sasa tizama wavuta sigara, pasipo radoni 100 katika 1,000, kwenye 100 wanafika 120, kwenye 400 wanafika 160. Nasoma hesabu hii na naona wazi kwamba nyumba yenye mvutaji isianze na kipimo cha radoni, ianze na sigara, itoke nje kwanza na ikiwezekana iishe kabisa. Moshi na radoni vinasaidiana kuua. Vivyo hivyo moshi wa kuni na mkaa, WHO wanakisia kwamba hewa chafu ya mapishi na kuwashia moto majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa hio mama anayepika kwa kuni jiko lisilo na dirisha, pesa ya kipimo cha radoni naomba wallahi iende kwenye jiko na dirisha.

Haya, na majumba yetu je.

Jiwe letu sehemu kubwa ni matumbawe ya kale, yaani jiwe la chokaa, na jiwe la chokaa kwa kawaida lina urani kidogo kuliko graniti. Hatuna ardhi kama ya Namtumbo kule Ruvuma penye urani ya kuchimbwa. Mpaka hapo mtu anaweza kusema tufunge mjadala. Lakini jiwe la chokaa lina tabia nyengine, maji ya mvua yanalila, linatoboka, linakuwa na mapango na mifereji chini kwa chini, nani asiyejua maweni palivyo, na mifereji hio inapitisha hewa ya ardhini kirahisi mno kuliko udongo wa kawaida. Halafu ule udongo mwekundu unaobaki juu ya jiwe baada ya chokaa kuyeyuka unakusanya madini yaliyokuwemo, yanakuwa mengi kuliko kwenye jiwe lenyewe. Ndo mana sehemu za majabali ya chokaa kama Derbyshire Uingereza na Slovenia zina radoni ya kutosha ingawa jiwe lenyewe linaonekana halina neno. Na nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana mara nyingi, moja imekaa juu ya ufa, moja haikukaa. Kusema "mtaa wetu hauna" bila kupima ni kubahatisha.

Kinachotusaidia sisi ni hewa. Kwenye nchi za baridi nyumba imefungwa miezi na ndani mna hita, hewa ya moto inapanda inatokea juu, na chini nyumba inanyonya ya kufidia kutoka ardhini. Sisi hita hatuna. Nyumba ya kizamani ya shamba, fito na udongo na makuti, upepo unapita chini ya paa usiku kucha. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, dari refu, kiwanja cha ndani, na watu walikuwa wanaishi juu. Radoni hapo inakaa wapi?

Tatizo linakuja na tunavyojenga na kubadilisha sasa. Vile vyumba vya chini Mjini vilivyokuwa maduka na stoo visivyo na dirisha leo vimekuwa vyumba vya wageni na ofisi, mlango umezibwa mpira, AC inafanya kazi saa 24. Na nyumba mpya za nje ya mji, dirisha la alminiamu limefungwa kaskazi nzima kwa ajili ya joto, mbu na vumbi. Watu wengi wanaamini AC inaleta hewa mpya ndani. Zile za kawaida za ukutani hazileti, zinachukua hewa ile ile ya chumbani zinaipoza zinairudisha. Feni ya kutolea hewa chooni nayo, kama hakuna pahala pa kuingilia hewa safi, inavuta ya kufidia kutoka popote itakapoipata, hata chini ya sakafu.

Ukitaka kuona pahala penyewe nenda jikoni, inama chini ya sinki, tizama bomba la maji machafu linapotoboa sakafu. Fundi alivunja tundu pana kuliko bomba, akapitisha, kisha akapaka saruji kidogo kwa juu au akaliacha vile vile likafichwa na kabati. Usiku mende wanatokea hapo. Wanapopita mende hewa ya ardhini inapita vizuri tu. Angalia na nyuma ya choo, kwenye kona ukuta unapokutana na sakafu, na kwenye ufa mrefu uliopasua vigae.

Maji ya kisima cha kuchimbwa yanaweza kubeba radoni pia, inatoka wakati wa kukoga na kufua, ila mchango wake kwenye hewa ya nyumba huwa mdogo, inakadiriwa 10,000 kwenye maji inaongeza kama 1 tu hewani, na maji yaliyomwagikia tangini na kulala humo yameshaipoteza sehemu. Graniti za juu ya meza ya jikoni nazo zinasemwa sana, mchango wake kwa kawaida ni mdogo. Usipoteze usingizi. Na wewe unayekaa ghorofa ya nne Michenzani ardhi iko mbali nawe, huna haja ya kupima.

Anayefaa kupima kwa maoni yangu ni anayelala au kufanya kazi chumba cha chini kinachofungwa saa nyingi, khasa chenye AC, khasa juu ya jiwe lenye mapango. Na wanaoongoza wageni mapangoni kila siku, Kuumbi kule Jambiani, Mangapwani na kwengineko. Mgeni anaingia nusu saa anatoka haidhuru, lakini kijana anayeshinda humo miaka ana haki ya kujua namba yake, kule pango la Postojna, Slovenia, waongozaji wanafuatiliwa kwa ajili ya radoni.

Sasa kipimo kipi. Hapa ndo pesa zinapotea, kwa hio soma polepole.

Kile cha bei rahisi ni kikopo cha mkaa maalumu. Unakifungua, kinakaa siku 2 mpaka 7, mkaa unanyonya radoni, unakifunga unakipeleka maabara. Kwa Zanzibar sikishauri kabisa. Kwanza mkaa ule unanyonya na unyevu, na unyevu wetu unaujua, chumvi mezani inakuwa maji. Pili radoni iliyomo inaendelea kuvunjika njiani, kikopo kikichukua wiki mbili kufika maabara ya ng'ambo itabaki chini ya sehemu moja ya kumi. Maabara wanafanya hesabu ya kurudisha nyuma, lakini kuna kikomo. Tatu kipimo cha muda mfupi kinataka nyumba ifungwe kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na siku zote za kupima, na nani atafunga madirisha siku nne mwezi wa pili akaweza kulala humo? Utapata namba ya nyumba ambayo hakuna anayeishi hivyo.

Kinachotufaa ni kile cha alama za alfa. Kwa macho ni kijisanduku cha plastiki, hakina betri wala waya, ndani mna kipande cha plastiki safi kama ukucha wa kidole gumba. Radoni inaingia kijisandukuni taratibu, ikivunjika alfa inakwaruza ile plastiki, alama ndogo isiyoonekana. Maabara wanaitia kwenye dawa kali ya moto, zile alama zinatanuka, wanazihesabu kwa darubini, zinaonekana kama nyayo za kaa mchangani maji yakitoka. Nyayo zile hazifutiki, kwa hio hata kikichelewa posta namba haiharibiki, na eksrei ya uwanja wa ndege haikidhuru, unaweza kumpa mtu anayesafiri. Kinakaa miezi mitatu mpaka mwaka, na mnaishi kama kawaida, mkifungua dirisha fungueni. Mimi ningesema mwaka, ikishindikana basi miezi ishike angalau misimu miwili, mana kaskazi nyumba imefungwa na AC inafanya kazi si sawa na kusi upepo unapita, na masika udongo wa uwanjani ukijaa maji gesi inakosa njia pale inageukia chini ya nyumba pakavu.

Mashine za umeme za kuweka mezani ni nzuri kwa kuona namba inavyopanda usiku na kushuka asubuhi, lakini usikurupuke na namba ya siku ya kwanza, tizama wastani wa mwezi na zaidi.

Kukiweka nako kuna adabu yake. Kiwe chumba cha chini mnacholala, kimo baina ya nusu mita na mita mbili, mbali na dirisha, AC, feni, jiko na bafu, kisifungiwe kabatini. Na kisigande ukutani, khasa nyumba ya udongo, mana udongo unatoa pia toroni, ndugu yake radoni anayeishi kama sekunde 55 tu, yuko karibu na ukuta peke yake, kipimo kikigusa ukuta kinaweza kumhesabu na yeye ukapata namba kubwa ya uongo. Pakiti usiifungue kabla ya siku ya kuanza, mana plastiki inaanza kurekodi hapo hapo. Andika tarehe ya kuanza na kumaliza kwenye ile fomu, bila tarehe maabara hawawezi kupata jibu. Ukimaliza kizungushie foili ukirudishe. Ukiweza weka viwili chumba kimoja upande kwa upande, vikipishana sana ujue kuna kitu hakikwenda sawa. Na kabla ya kuagiza nje uliza kwanza Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ina ofisi hapa Zanzibar na mambo ya mionzi ndo kazi yao.

Namba ikija chini ya 100 endelea na maisha. Baina ya 100 na 300 hakuna haja ya kuhama wala kumuamsha sheha, fungua dirisha asubuhi na jioni, rudisha yale matundu ya hewa ya juu ya ukuta yaliyozibwa AC ilipoingia, ziba kuzunguka mabomba na nyufa za sakafu, kisha pima tena. Kuziba peke yake mara nyingi hakutoshi, gesi inatafuta tundu jengine, kwa hio usiache kuingiza hewa. Ikizidi 300 fanya haya haya leo na mwite fundi. Dawa iliyothibitika kwa nyumba iliyokwishajengwa ni kutoboa jamvi, yaani zege la sakafu, kuteremsha bomba mpaka kwenye kokoto chini yake na kulipandisha hadi juu ya paa likiwa na feni ndogo inayovuta mfululizo, gesi inatolewa nje kabla haijaingia chumbani.

Na anayejenga sasa, Fumba au Wete au popote, kwake rahisi mno. Kabla ya jamvi mwambie fundi amwage kokoto safi inchi nne, juu yake nailoni nzito isiyo na matundu, viungo vipandiane, ambayo utaihitaji hata hivyo kwa ajili ya unyevu, na ndani ya kokoto aache bomba la inchi nne lipande na ukuta mpaka kupita paa. Feni haihitajiki mpaka kipimo kiseme. Bomba liandikwe kwa rangi kila sakafu linapopita, ili fundi wa baadae asije akaliunganisha na karo.